Mashamba matano ya mvinyo kwa siku moja ni mengi mno

Msomaji wa Kisumu, mwalimu mstaafu, ameniandikia kwamba mwezi wa Julai atamtembelea mwanawe anayeishi Sacramento, katika jimbo la California nchini Marekani. Huko utakuwa msimu wa likizo ya kiangazi, na kijana ameshapanga siku nzima ya kuzuru mashamba matano ya mvinyo katika bonde la Napa, akiwa na mkewe pamoja na binamu yake wa miaka 19 anayesoma huko. Mwalimu anasema kwamba mvinyo anaoujua ni ule mtamu wa harusini, kwamba anatumia dawa za shinikizo la damu, na kwamba anaogopa kumwaibisha mwanawe mbele ya wenyeji. Anauliza kama ni lazima anywe kila anachomiminiwa, atasema nini akiulizwa maoni yake, na kama anaweza kufanya mazoezi kabla ya safari.

Mwalimu, niruhusu nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Katika ukumbi wa kuonjea, mgeni humiminiwa kiasi kidogo, takriban mililita 30 za kila aina, na kwa kawaida huonjeshwa aina nne au tano. Ukizidisha aina tano kwa mashamba matano unapata mara 25 za kumiminiwa, yaani mililita 750, na hiyo ni chupa nzima ya mvinyo. Mvinyo mwekundu wa Napa si mwepesi. Kileo chake mara nyingi hufika asilimia 14.5. Atakayeimaliza chupa hiyo atakuwa amekunywa kileo safi cha takriban mililita 109, ambacho kinazidi kile kilicho katika chupa tano za nusu lita za bia ya asilimia 4.2, tena juani na akiwa amekula kidogo. Hakuna mtu, awe mgeni au mtaalamu, anayeweza kusema jambo la maana kuhusu mvinyo wa shamba la tano katika hali hiyo. Mwombe mwanao apunguze mashamba yawe matatu. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafunza wahudumu wa hoteli za Nakuru na Naivasha namna ya kuhudumia mvinyo, nisingekubali la nne.

Swali lako la kwanza, la kunywa kila unachomiminiwa, ndilo ninaloulizwa zaidi na watu wa umri wetu, nalo lina mizizi katika malezi. Kwetu, mgeni akitema alichokaribishwa amemtukana mwenye nyumba, na tangu utotoni tulifundishwa kumaliza kilichomo katika bakuli. Katika nyumba ya mvinyo, desturi imegeuka kabisa. Mezani utaona ndoo ndogo au chombo chenye mdomo mpana, nacho kimewekwa hapo ili utemee ulichokwisha kuonja na umwagie kilichobaki katika glasi. Mtengenezaji wa mvinyo mwenyewe hutema kila siku ya kazi, la sivyo asingeweza kufanya kazi hiyo. Anayekuhudumia akikuona ukitema atakuchukulia kuwa mtu aliyekuja kuujua mvinyo wake, na huenda akakufungulia chupa ambayo hakukusudia kuifungua. Jizoeze nyumbani kwa maji ya kawaida katika sinki, ukikaza midomo na kutoa maji kwa mkondo mmoja mwembamba, kwa sababu aibu ya kweli hutokana na kujichafua nguo na haihusiani na kutema kwenyewe. Ukipenda aina mojawapo, meza funda moja au mawili ya hiyo, kisha nyingine zote zitemwe.

Kuhusu dawa zako sitakujibu, kwa sababu jibu hilo ni la daktari wako anayekujua. Mwone kabla ya kupanda ndege na umweleze mpango wote, maana kuna dawa za shinikizo ambazo zikikutana na kileo hulishusha shinikizo kupita kiasi, mtu akapata kizunguzungu anaposimama, na joto la mchana huongeza hatari hiyo. Daktari akikukataza, siku yako haijaharibika. Harufu ya mvinyo huingia puani bila kinywa kuguswa, na nusu nzuri ya ujuzi huu imo katika pua.

Sasa tuipange siku yenyewe. Napa ni bonde jembamba lenye urefu wa takriban kilomita 48, na upana wake hauzidi kilomita nane. Upande wa kusini limefunguka kuelekea ghuba ya San Pablo, na usiku wa kiangazi ukungu wa baridi huingia kutoka huko ukapanda bonde, kisha jua likipata nguvu unarudi nyuma. Matokeo yake ni kwamba eneo la Carneros, lililo kusini, huwa baridi na linafaa zabibu za Chardonnay na Pinot Noir, ilhali Calistoga, upande wa kaskazini, huwa na joto kali linaloivisha zabibu nyekundu za Cabernet Sauvignon. Wengi wetu huzoea kudhani kwamba ukielekea kaskazini huko utakutana na baridi zaidi. Katika bonde hili ni kinyume. Asubuhi joto linaweza kuwa nyuzi 13, na alasiri likapita nyuzi 30, kwa hiyo vaa nguo za tabaka, uwe na sweta, kofia pana na viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa njia za mashambani zina vumbi na mawe.

Hali hiyo ya hewa yenyewe inakuonyesha mwelekeo wa ziara. Anzeni kusini mnamo saa nne asubuhi, ukungu ukiwa haujatoweka, kwa mvinyo unaotoa povu au mvinyo mweupe, wakati ulimi bado haujachoka. Domaine Carneros, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1987 na watengenezaji wa champagne wa Taittinger kutoka Ufaransa, ipo upande huo. Kisha pandeni katikati ya bonde, kwenye vijiji vya Oakville na Rutherford, ambako Cabernet Sauvignon ndiyo mfalme. Hapo Oakville ndipo Robert Mondavi alipofungua kiwanda chake mwaka 1966, akawa miongoni mwa waliowazoesha wageni kuzungushwa kiwandani na kuonjeshwa kwa utaratibu. Kuleni chakula cha mchana cha kushiba, chenye wanga na mafuta, bila kukimbizwa. Jua likiwaka zaidi muwe mmefika Calistoga, mahali ambapo baadhi ya nyumba huhifadhi mvinyo katika mapango yaliyochimbwa ndani ya vilima. Schramsberg, iliyoanzishwa na Mjerumani Jacob Schram mwaka 1862, ina mapango ambayo sehemu zake za kale zilichimbwa kwa mikono na vibarua wa Kichina, na mvinyo wake wa povu ndio uliotumiwa na Rais Richard Nixon katika karamu ya Beijing mwaka 1972. Ndani ya mapango kuna baridi ya kudumu, na hapo utalishukuru sweta lako.

Mwanao asitegemee kufika tu na kubisha hodi. Sheria ya wilaya ya Napa ya mwaka 1990 iliviruhusu viwanda vipya kupokea wageni wa kuonja kwa miadi pekee, na siku hizi hata vile vya zamani hupendelea miadi, hasa mwezi wa Julai. Malipo nayo yatakushtua: dola 50 kwa mtu mmoja ni bei ya kawaida, nazo ni zaidi ya shilingi 6,000 za kwetu, na nyumba zenye jina hutoza zaidi ya hapo. Baadhi hukusamehe malipo hayo ukinunua chupa. Hiyo ni sababu nyingine ya kupunguza mashamba, ingawa ninashuku kwamba kijana hatakuambia alilipa kiasi gani. Barabara kuu nambari 29 hufungamana magari mwisho wa juma. Ile ya Silverado Trail, inayokwenda sambamba nayo upande wa mashariki, huwa tulivu zaidi na ina mandhari bora. Ikiwezekana, chagueni Jumanne au Jumatano.

Binamu wa miaka 19 ana jambo lake. Hapa Kenya sheria humruhusu mtu kunywa akifika miaka 18, lakini Marekani umri ni miaka 21, na hakuna mwenyeji atakayemwonjesha hata tone, kwa kuwa leseni yake imo hatarini. Nyumba nyingine hazipokei kabisa walio chini ya umri huo, kwa hiyo mwanao aulize wakati wa kuweka miadi, kuliko kijana wa watu kuachwa langoni. Ikiwa ana leseni ya kuendesha na bima ya gari inamhusu, yeye ndiye dereva wenu. Ikiwa hana, mwanao akodishe dereva. Kikomo cha kileo katika damu ya dereva huko ni asilimia 0.08, na mtu aliyeonja katika nyumba tatu hawezi kujipima kwa hisia zake. Tena, chupa iliyofunguliwa ikabaki nusu hairuhusiwi kusafiri mahali mlipoketi. Lazima iwekwe kwenye buti.

Sasa tuingie katika kuonja kwenyewe, jambo ambalo ninaamini litakupendeza kuliko unavyotarajia. Wazee wa Magharibi mwa Kenya wanaoketi na mirija yao kuzunguka chungu cha busaa hutambua kwa funda la kwanza kama unga ulikaangwa vyema na kama chachu imezidi siku moja, wala hakuna aliyewapa cheti. Ujuzi wa mvinyo ni wa aina hiyo, isipokuwa una utaratibu wa pole zaidi. Shika glasi kwa mguu wake ili kiganja kisiupashe mvinyo joto. Uangalie rangi yake mbele ya kitu cheupe. Uzungushe taratibu ili harufu ipande, kisha ingiza pua ndani ya glasi, unuse mara moja au mbili fupi, na usubiri kabla ya kuonja. Chukua funda dogo, ulipitishe kila upande wa kinywa, ukiweza vuta hewa kidogo juu yake, halafu tema na upumue nje kwa pua. Pumzi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba ladha nyingi zaidi, kwa sababu harufu hupanda kutoka nyuma ya koo hadi puani. Siku hiyo usijipake manukato, maana utainyima pua yako kazi, na ya jirani yako pia.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba karibu kila mvinyo utakaopewa hautakuwa na sukari. Mvinyo wa harusini ni mtamu kwa sababu sukari imebakizwa au imeongezwa, ilhali katika mvinyo mkavu hamira imekula sukari yote ya zabibu na kuigeuza kileo na gesi. Wa rangi nyekundu utakukausha ufizi na ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa mekoni. Hiyo ni tanini, nayo hutoka katika maganda na mbegu, ambazo huchachuka pamoja na maji ya zabibu katika utengenezaji wa mvinyo mwekundu. Zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatengwa, ndiyo maana mvinyo huo hauna ukavu huo. Usihukumu kwa funda la kwanza, kwa kuwa hilo huusafisha mdomo tu. La pili ndilo la kuhukumu, na likiwezekana lifuate kipande cha jibini au nyama, kwa kuwa protini na mafuta huilainisha tanini.

Ukiulizwa unasikia harufu gani, usitafute majina ya matunda ambayo hujawahi kuyala. Vitabu vya mvinyo vimejaa matunda ya vichakani ya Ulaya, na nimewaona wanafunzi wangu wakiyakariri bila kuyajua. Wewe una zambarau, mapera, pasheni, maembe, nanasi na malimau, na hayo yanatosha. Ukisema kwamba mvinyo mweupe wa Sauvignon Blanc unanukia pasheni, huwezi kuwa umekosea, maana baadhi ya kemikali zinazoupa mvinyo huo harufu yake zimo pia katika tunda lenyewe. Ukisikia pilipili hoho mbichi katika Cabernet Sauvignon, hiyo nayo ina asili katika familia: mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walithibitisha kwa vinasaba kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, na harufu hiyo ya mboga mbichi huonekana kwa wazazi wote wawili. Mji wa Davis mtaupita njiani mkitoka Sacramento. Ukisikia vanila au moshi, sema ni pipa la mwaloni ambamo mvinyo ulihifadhiwa. Ukisikia siagi katika Chardonnay, ni kazi ya bakteria wanaougeuza uchachu mkali kuwa laini. Na usipoupenda mvinyo, sema kwa adabu kwamba kwako uchachu wake au tanini yake imezidi. Kauli hiyo ina maana na haimuumizi mtu. Kusifu kila glasi ndiko kunakomfanya mwenyeji akuone hukuwa ukisikiliza.

Mwombe pia mwenyeji akuruhusu kutembea shambani kabla ya kuonja. Mwishoni mwa Julai zabibu nyekundu huanza kubadilika, na katika kichala kimoja utaziona za kijani ngumu zimekaa pamoja na za zambarau zilizoanza kulainika. Mavuno huanza Agosti kwa zile za mvinyo wa povu, na ya Cabernet Sauvignon huendelea hadi Oktoba. Ungeenda Septemba ungekuta shughuli nyingi zaidi na wenyeji wenye muda mchache wa kuzungumza na mgeni, kwa hiyo Julai si mwezi mbaya hata kidogo.

Muulize pia kuhusu mwaka 1976, ikiwa hatakutajia mwenyewe. Mwezi wa Mei mwaka huo, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza Steven Spurrier aliwaketisha waonjaji Wafaransa jijini Paris, wakaonja mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuona majina. Chardonnay ya mwaka 1973 ya Chateau Montelena, iliyopo Calistoga, iliongoza upande wa mvinyo mweupe, na Cabernet Sauvignon ya mwaka huohuo ya Stag's Leap Wine Cellars ikaongoza upande wa mvinyo mwekundu. Mpaka siku hiyo ni wachache waliodhani kwamba mvinyo mkuu unaweza kutoka nje ya Ulaya. Bei unazotozwa leo katika ukumbi wa kuonjea zina uhusiano wa moja kwa moja na alasiri ile.

Kuhusu mazoezi ya nyumbani, ninakushauri ununue chupa mbili tu na kualika marafiki wanne, ili mazoezi yasigeuke kuwa kitu kingine. Ya kwanza iwe Sauvignon Blanc ya Leleshwa, mvinyo unaotokana na mizabibu ya shamba la Morendat, Naivasha, katika kaunti yetu ya Nakuru. Naivasha iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, ambako kwa desturi za zamani za wakulima wa mizabibu hapakustahili kuoteshwa hata mche mmoja, lakini kimo cha takriban mita 1,900 huzipoza usiku zabibu zake na kuulinda uchachu wake. Tofauti kubwa na Napa ni kwamba kule mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka, ilhali katika nchi zetu haulali wenyewe. Mkulima huuamuru kwa mkasi wa kupogolea. Wakulima wa Dodoma, Tanzania, kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Jambo hili ukilitaja Napa utaona mwenyeji wako akiweka chupa chini ili akusikilize. Chupa ya pili iwe Cabernet Sauvignon yoyote kavu kutoka Afrika Kusini, ambayo haikosekani katika maduka makubwa ya Kisumu. Anza na mweupe, fuata mwekundu, kila mmoja aandike maneno matatu bila kuchungulia ya mwenzake.

Mwisho, umesema ungependa kurudi na chupa mbili za zawadi. Kanuni za forodha za Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima kuingiza hadi lita mbili za mvinyo bila ushuru, na chupa mbili ni lita moja na nusu, kwa hiyo huna wasiwasi. Zifunge ndani ya nguo katika mzigo wa kupakiwa, kwa kuwa mkobani zitazuiliwa kwenye ukaguzi. Ukifika nyumbani ziache zitulie majuma mawili, zikiwa zimelazwa mahali penye giza, mbali na jiko. Utakaposoma kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba, ujue ushauri huo ulitungwa katika nyumba za baridi za Ulaya, zenye nyuzi 16 au 18. Chumba cha Kisumu mchana hukaribia nyuzi 30, na mvinyo katika joto hilo hunukia kileo kitupu. Uweke ndani ya friji kwa nusu saa kabla ya wageni kufika.